Asali ya Pili

Tarehe 4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua unasoma ukiwa na miwani puani na penseli sikioni, kwa hiyo sikuombi hata uketi, ila tafadhali zima mashine kwanza. Huku tu wazima. Mimi bado niko kwenye kile chumba cha nyuma ya kliniki, natengeneza meno ya bandia tangu asubuhi hadi jioni, na jina ulilonibandika la Kijino limeenea mpaka daktari mwenyewe ananiita hivyo. Ahsante sana kwa hilo. Mume wangu anakusalimu. Mgongo wake umepona, kulalamika ndiko hakujapona.

Baba anakula vizuri, anatembea hadi kwenye kona na kurudi, na shati anavaa mwenyewe. Lakini akili, Shangazi, inakuja na kuondoka. Juzi aliniita dada, akaniuliza kama nimeshafua sare ya shule. Nikamjibu nimeshafua. Ningesema nini?

Sasa kilichonifanya niandike. Kila siku iendayo kwa Mungu anauliza kitu kimoja: "Asali yangu iko wapi?" Lile gitaa lake la ujana, lenye kingo nyekundu zinazofifia kuelekea katikati mpaka rangi inakuwa ya asali, lililoibwa kabla mimi sijazaliwa. Picha yake akiwa nalo bado iko ukutani, anaiangalia kisha anaangalia chini ya kitanda.

Kwenye duka la vitu vya mitumba karibu na kazini nimeona gitaa la kiwanda hicho hicho, la miaka ile ile, ila hili limepakwa dhahabu mbele. Limechoka. Pale mkono ulipolalia, dhahabu imekuwa ya kijani. Mwenye duka akanieleza kwamba yapo mengi ya namna hii, na kwamba kuna mafundi wanaoyageuza yawe kama yale adimu. Nikamwambia, bwana, mimi nina shangazi anayefanya kazi hiyo tangu wewe hujaota ndevu.

Nimelituma kwako, litafika wiki hii. Naomba uligeuze liwe Asali. Nitampa Baba na kumwambia limepatikana, basi, roho yake itulie. Na ulilete mwenyewe. Miaka sita hujakanyaga kwetu, Shangazi, na mlango haujahama.

Mwanao,
Kijino

*

Tarehe 22 Machi

Kijino mwanangu,

Marahaba. Mashine nimezima, penseli ilikuwa sikioni kweli, na wewe una maneno kama cherehani. Mimi niko salama. Masikio ndiyo yamezidi kuliwa na hizi mashine, ndiyo maana nakataa mambo ya simu: nikipigiwa naitikia tu "ndiyo, ndiyo," na juzi nikajikuta nimekubali kumfundisha mtu kinanda.

Mzigo umefika. Umelifunga hilo gitaa kwa blanketi na kamba kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Nilipolifungua nikaliegemeza taya langu kichwani mwake, nikapiga uzi mmoja. Hivyo ndivyo ninavyosikia siku hizi, kwa mfupa. Ni mbao nzuri sana. Hukupunjwa.

Lakini usidhani kazi hii ni kupaka rangi. Kwanza nakwangua dhahabu yote kwa bati kali, taratibu, bila dawa, maana dawa inapenya ndani ya mti. Chini yake kuna mapande mawili ya mbao yaliyofunguliwa kama kitabu. Kiwandani walipoona mapande hayafanani, waliyaficha chini ya dhahabu, kwa hiyo hujui utakuta nini. Halafu natanua matundu ili sumaku za kunasa sauti ziwe zile pana. Kisha manjano, kisha nyekundu kingoni, tabaka jembamba baada ya jembamba, na kila tabaka lina siku zake za kukauka.

Mwisho kabisa, chini ya sumaku, nachoma kwa chuma cha moto neno moja: NAKALA. Hakuna gitaa lililowahi kutoka kwangu bila neno hilo. Akija mtu anayetaka nakala ili akamwambie mwenzake ndiyo yenyewe, namwonyesha mlango. Na wewe, ingawa nakupenda kuliko macho yangu, mlango ule pale. Siwezi kutengeneza gitaa la kumdanganyia kaka yangu.

Kuja siwezi. Magoti.

Mpe Baba salamu. Usimwambie ni za nani, mpe tu.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani kwema, ila mimi nina hasira, na heri nikwambie mapema usije ukaikuta katikati ya barua ukashtuka.

Mimi kazi yangu ni kuiga. Nachukua kalibu ya fizi za mtu, natengeneza meno yanayofanana na aliyopoteza, hata lile lililopinda napinda hivyo hivyo, na mtu akijitazama kwenye kioo analia kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuniambia ni mwongo. Iweje gitaa moja la mzee mmoja liwe dhambi?

Sikiliza kilichotokea Jumamosi. Nimetoka kuoga, nakuta mlango uko wazi. Nikakimbia barabarani na kitambaa kichwani. Nimemkuta kituo cha basi, amevaa koti la harusi, ameshika kasha tupu la gitaa. Namuuliza, "Baba, safari ya wapi?" Ananiambia, "Kwa yule mpiga ngoma wa bendi yetu. Nimechoka. Leo atanirudishia Asali yangu au tutapigana." Halafu akalia, Shangazi, pale pale, mbele ya watu. Baba yangu, ambaye hata tulipomzika Mama alijikaza.

Wewe unaniletea habari za magoti. Magoti tunayo sote.

Kijino

*

Tarehe 30 Aprili

Kijino,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa.

Kuhusu meno: mwenye meno ya bandia anajua si yake. Akienda kulala anayatia kwenye glasi. Hiyo ndiyo tofauti, na wewe unaijua, usijifanye mtoto.

Hata hivyo nimeanza kazi. Dhahabu imetoka yote. Chini yake mbao zina michirizi kama maji yanayopita juu ya mchanga, pande zote mbili, na sijui ni mjinga gani kiwandani aliyeamua kuzificha. Nilisimama nikaziangalia mpaka chai ikapoa.

Nipimie unene wa kiganja cha Baba, na urefu wa kidole chake kidogo. Nataka kuichonga shingo iufuate mkono wake wa sasa, si wa zamani.

Na tafadhali, usimchokonoe kuhusu wizi ule. Yaliyopita yamepita.

Shangazi

*

Tarehe 14 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukali wa ile barua. Ulivyoniambia umeanza nilirukaruka kliniki mpaka daktari akadhani nimejichoma. Vipimo nimeviweka nyuma ya karatasi hii. Baba alidhani namkata kucha, akatulia kama mwana-kondoo.

Ulisema nisimchokonoe. Mimi sikumchokonoa, alianza mwenyewe, na siku hiyo akili ilikuwa safi kama maji. Anasema aliyeiba ni Bwana Saa, yule mpiga ngoma wao aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kuchelewa wala kuwahi pigo hata moja. Walilala chumba kimoja miaka minane. Anasema ni Bwana Saa peke yake aliyejua gitaa linawekwa wapi, na siku dirisha lilipovunjwa hakuonekana mazoezini. Baba akamfukuza mbele ya bendi nzima. Bendi ikafa mwaka ule ule. "Sikumwamkia tena," anasema, "na yeye ndiye aliyenishika mkono siku nilipooa."

Wewe ulikuwepo nyumbani siku ile, Shangazi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Hukuona kitu? Ni kweli alikuwa yeye?

Kijino

*

Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wiki saba. Nimeandika mara mbili bila jibu, nikampigia jirani yako mwenye duka la rangi, akaniambia u mzima wa afya, ila karakana ulifunga siku kadhaa ukasafiri. Magoti yamepata nafuu kumbe!

Baba sasa hana siku nzima nzuri. Ana asubuhi nzuri. Ikifika mchana anaanza kupotea. Kama kuna neno, liseme akiwa bado yupo wa kulisikia. Mimi sikukasirikii, naogopa tu.

Kijino

*

Tarehe 11 Julai

Kijino mwanangu,

Marahaba. Gitaa linakuja na barua hii. Usilifungue mbele ya Baba mpaka umesoma hadi mwisho, na ukishasoma, msomee na yeye. Asubuhi, baada ya chai, akiwa mwenyewe. Kabla hajaligusa. Hilo ndilo sharti langu, na usipolitimiza sitakusamehe.

Asali haikuibwa. Niliiunguza mimi.

Shingo yake ilikuwa imeinuka, nyuzi zikawa juu, kaka analalamika vidole vinamuuma. Mimi nilikuwa na miezi mitatu kwa fundi wa fanicha, nimefundishwa kulegeza gundi ya mguu wa kiti: unaweka kitambaa kibichi, juu yake pasi ya moto, mvuke unaingia, gundi inalainika. Nikajiona fundi. Kaka alikuwa amesafiri na bendi nyingine kwa siku mbili, akaliacha gitaa nyumbani, huko angepiga la kwao. Nikasema akirudi akute limenyooka, anisifu. Nilitaka kusifiwa na kaka yangu, hakuna kingine.

Nikaweka kitambaa, nikaweka pasi. Mvua ikaanza, nikatoka kuanua nguo. Nguo zilikuwa nyingi. Kitambaa kikakauka. Ile vanishi ya zamani, mwanangu, inashika moto kama karatasi yenye mafuta ya taa. Nilivyorudi, moto ulikuwa umeshatembea kifuani mwote. Nikamwaga ndoo ya maji, mbao zikapasuka katikati, paa, mpaka leo huo mlio nausikia kwa masikio haya yasiyosikia.

Mabaki niliyamalizia uani, vyuma nikavifukia. Kisha nikachukua nyundo nikavunja komeo la dirisha.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli akinikaripia. Hakunikaripia. Aliingia, akaona dirisha, hakuuliza gitaa. Alinishika mabega akasema, "Wamekugusa? Wamekuumiza?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi Mungu ashukuriwe, gitaa si kitu." Akanikumbatia. Kinywa changu kikafungwa pale pale, na kila siku niliyonyamaza ikaifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Alipomfukuza Bwana Saa nilikuwa jikoni, nasikia kila neno. Nikaendelea kumenya viazi.

Ndiyo maana siji kwenu. Magoti hayana kosa. Naogopa kukaa mbele ya kaka yangu anipakulie chakula.

Nimetengeneza nakala zaidi ya mia maishani mwangu, watu wanasema nina kipaji. Nilikuwa natafuta ile moja. Hili ulilonitumia ndilo lililokaribia kuliko yote, na nilipolipulizia nyekundu ya kingoni nililia mpaka ikabidi nivue barakoa.

Zile wiki nilizonyamaza nilikuwa namtafuta Bwana Saa. Nimempata, anaishi na binti zake, anatembelea mkongojo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Kisha akasema, "Haya, umeshasema. Nenda." Nikaenda. Sikustahili zaidi ya hapo.

Na kaka naye akisema hivyo hivyo, niandikie hivyo hivyo, usinipambie.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema nisipambe, sipambi.

Jumanne asubuhi Baba aliamka vizuri, akaniita kwa jina langu, akalalamika chai haina sukari. Nikajua leo ndiyo leo. Nikamkalisha mezani, nikamsomea. Kwenye pasi alininyooshea kidole. "Rudia." Nikarudia. Kwenye dirisha akasimama. Shangazi, sijawahi kumwona vile. Aligonga meza kikombe kikaruka, akakutukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mume wangu alikuja mbio akidhani tumevamiwa. Halafu akaanza kusema, "Rafiki yangu. Mimi nimemfukuza rafiki yangu," akalia kwa sauti, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilikaa nje ya mlango huo na kukuchukia kidogo, nisikufiche.

Mchana akatoka. Uso ameosha, nywele amechana. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, Baba?"

"Dada yangu. Kajificha wapi siku zote hizi?" Akasema, "Mwambie atoke. Sitamchapa. Mbao zipo tele duniani, dada ninaye mmoja."

Hayo ni maneno yake, sikuongeza hata nukta.

Ndipo nikaleta gitaa. Alikaa, akaliweka pajani, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kwenye shingo. Alipiga saa nzima. Majina yetu anayasahau, vidole havijasahau kitu. Akaligeuza, akaligonga mgongoni, akasema, "Hili si Asali. Lakini aliyelichonga anaujua mkono wangu." Nikamwambia ni wewe. Akacheka! Akasema, "Yule? Si yuko shule?"

Nilitaka kuifunga barua hapa, Shangazi, nikaiacha mezani niipeleke posta kesho yake. Sasa ni Jumatano, naongeza.

Asubuhi hii amekunywa chai, akaangalia picha ukutani, akaniuliza, "Asali yangu iko wapi?" Nikampa gitaa lako. Akalisifu, akapiga kidogo, akaniangalia tena. "Zuri sana hili. Lakini langu yule mpiga ngoma aliniibia. Rafiki yangu kabisa, unaamini?"

Hakuna kilichobaki, Shangazi. Wala hasira, wala msamaha. Nilishika barua yako nikataka kumsomea upya, nikashindwa, kwa sababu atalia tena kama mara ya kwanza, kwake itakuwa mara ya kwanza. Nikawaza nimwambie tu, "Asali ndiyo hii, imepatikana." Neno hilo likanikwama kooni, na wewe ndiye uliyelikwamisha.

Mimi siwezi. Barua nimeificha kabatini chini ya mashuka. Niambie nifanye nini.

Kijino wako

*

Tarehe 16 Agosti

Kijino mwanangu,

Marahaba. Umebeba mzigo usio wako, nisamehe. Uutue hapo.

Barua ile usimsomee tena. Mtu husomewa barua ya mtu aliye mbali, na mimi sitakaa mbali tena. Karakana nimemwachia jirani wa duka la rangi aiangalie. Patasi zangu nimezifunga. Jumatatu nitapanda basi la asubuhi, jioni nitakuwa kwenu. Chumba sihitaji, niweke sebuleni, mimi ni mtu wa kulala popote.

Akiuliza Asali iko wapi, wewe usijibu. Mwambie dada yake ndiye anayejua. Nitakaa naye mezani baada ya chai, nimwambie ni mimi niliyeiunguza na Bwana Saa hana kosa. Atafoka. Atanitukana, na matusi yale nayajua mimi, nimekua nikiyasikia. Nitamngoja nje ya mlango mpaka atoke. Kesho yake akiuliza, nitamwambia tena, na keshokutwa tena.

Utasema namtesa. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kwenda na kurudi posta. Nikimwacha na uongo, kila siku anaamka akiwa na rafiki mwizi, na hivyo ndivyo atakavyokufa. Nikimwambia, atalia asubuhi, lakini mchana atakuwa amerudishiwa rafiki yake, hata kama ni kwa mchana mmoja. Siku nikiona machozi yanamshinda, nitanyamaza na kumshika mkono. Lakini kuudanganya mkono ule sitaudanganya.

Naogopa, Kijino. Nina miaka hamsini na saba na naogopa kama siku ile nilipokuwa jikoni. Barua hii ikifika kabla yangu, mwite Baba, mwambie neno moja tu kutoka kwangu. Hata kama hakumbuki kuniita, mwambie natoka.

Shangazi yako